Rivolva ya kizamani au bastola ya magazini? Wanaozijua waje hapa

Mlenga Mbali:
Wakuu, heshima kwenu. Mafunzo nimemaliza, kibali kimetoka, sasa nimekwama kwenye kuchagua. Mezani nina mbili. Ya kwanza ni Smith & Wesson Model 10, mtutu wa inchi 4, risasi sita za .38 Special. Imetumika lakini imetunzwa, bluu yake, ile rangi ya kinga ya chuma, bado inang'aa isipokuwa mdomoni, ambako imepauka kwa kuingia na kutoka kwenye mkoba wa ngozi. Ya pili ni Glock 19 mpya, 9mm, magazini ya risasi 15.

Itakaa nyumbani, na nitakwenda nayo renji, uwanja wa kulenga shabaha, nikipata nafasi. Sina mpango wa kutembea nayo.

Shida ni kwamba kila ninayemuuliza ana dini yake. Mmoja anasema chukua rivolva, haigomi na ndiyo ya anayeanza. Mwingine anacheka, anasema rivolva ipelekwe makumbusho. Nataka sababu, ushabiki sitaki. Na anayekuja na "inategemea" aseme inategemea nini.

Kitasa:
Nimeweka kambi. Endeleeni.

Mzee wa Silinda:
Mdogo wangu, mimi jibu langu linajulikana humu, lakini umeomba sababu, chukua sababu.

Hiyo Model 10 ni ya ukoo ulioanza 1899. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 6. Silaha mbovu haiwezi kuuzwa zaidi ya miaka mia moja.

Kwanza, unaona kila kitu. Unasukuma kitufe, silinda inatoka pembeni, vyumba sita viko mbele ya macho. Kuna risasi au hakuna, basi. Ya magazini unachomoa magazini, unajiona umemaliza, kumbe kuna moja imelala kwenye chemba, nyuma ya mtutu. Hiyo moja ndiyo inayoumiza watu waliokuwa "wanasafisha bastola".

Pili, haichagui risasi. Nguvu ya kuzungusha silinda inatoka kwenye kidole chako. Risasi iwe dhaifu, iwe kali, iwe na pua bapa au ya duara, yote sawa. Bastola ya magazini inaishi kwa kutegemea risasi iliyotangulia: ikipigwa ndiyo irudishe slaidi (kile kifuniko cha juu kinachokwenda nyuma na mbele), itoe ganda, ichukue nyingine. Mnyororo huo ukikatika mahali popote, umebaki na chuma mkononi.

Tatu, risasi ikigoma, vuta triga tena. Inayofuata iko tayari. Nne, springi zake zimelala, hazijabanwa. Iweke kabatini mwaka mzima, utaikuta ilivyokuwa.

Kijana wa Polima:
Mzee shikamoo, nakuheshimu, ila umemuuzia mtu kumbukumbu za ujana.

Tuangalie waliokuwa wanategemea rivolva kwa kazi. Polisi wa New York walianza kuruhusu 9mm mwaka 1993. Jeshi la Marekani ndiyo usiseme, lenyewe lilichukua bastola ya magazini M1911 tangu 1911, na kwenye majaribio bastola hiyo, iliyobuniwa na John Browning, ilipigwa risasi 6,000 bila kukwama. Mwaka wa 1911! Halafu Aprili 1986 maofisa wanane wa FBI walikutana na majambazi wawili huko Miami. Maofisa wawili wakafa, watano wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa na rivolva, na mmoja alipigwa risasi ya mkono akiwa anajaza ya kwake. Baada ya hapo FBI ikaanza safari ya kuhamia kwenye bastola za magazini.

Sita dhidi ya 15, mkuu. Na kujaza upya ni kuchomoa magazini na kupachika nyingine. Ushahidi gani mwingine unahitaji?

Mzee wa Silinda:
Marahaba. Umesahau kumwambia kwamba mwaka 1999 Jerry Miculek, bingwa wa kupiga rivolva, alipiga risasi sita, akajaza, akapiga sita nyingine kwa sekunde 2.99. Kwa rivolva. Wewe na magazini yako umefika ngapi?

Kijana wa Polima:
Mzee, huyo ni Miculek. Huyu wetu ni Mlenga Mbali, na anaanza.

Bi Shabaha:
Naomba niingie, maana nafundisha watu wazima kulenga na mabishano haya nayasikia kila kundi jipya likija.

Kijana, habari ya Miami ni ya kweli ila umeikata katikati. Silaha iliyowaumiza zaidi wale maofisa ilikuwa bunduki ndefu, Mini-14, bastola ya aina yoyote ingekuwa na kazi mbele yake. Baadhi ya maofisa walikuwa na 9mm za magazini siku hiyo hiyo. Na aliyelimaliza lile pambano, Edmundo Mireles, mkono mmoja ukiwa umevunjwa na risasi, alilimaliza kwa rivolva. Kwa hiyo ukitaka kuitumia Miami kama ushahidi, chukua lile la kujaza ukiwa umeumia, maana hilo lina uzito wake. Hesabu ya sita kwa 15 peke yake haikuelezi kilichotokea pale.

Sasa wewe Mlenga Mbali. Kauli ya "rivolva ni ya anayeanza" ndiyo inayonikera kuliko zote. Ni rahisi kuielewa, hilo sina ubishi. Dakika chache mtu anajua kuifungua, kuijaza, kuitoa risasi na kuhakikisha ni tupu. Lakini kupiga nayo vizuri ni kazi ngumu. Triga ya rivolva ukiivuta bila kukoki nyundo, yaani bila kuirudisha nyuma kwa gumba kwanza, inataka nguvu ya kilo 5 hivi, wakati chuma chenyewe hakifiki hata kilo moja. Maana yake unakivuta kidole kwa nguvu inayozidi uzito wa silaha mara tano, safari ndefu, silinda inazunguka, nyundo inarudi, na muda wote huo mdomo wa mtutu unatakiwa utulie palepale. Kwa anayeanza hautulii. Unaona risasi zinashuka chini kushoto, kama ni mtu wa mkono wa kulia, kwa sababu anabana kiganja kizima badala ya kidole peke yake.

Glock triga yake ni kilo 2.5 hivi, safari fupi, na haibadiliki kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Tena mtutu umekaa chini karibu na mkono, kwa hiyo pigo linarudi moja kwa moja kwenye kiganja kuliko kuinua mdomo. Ndiyo maana mwanafunzi wa siku ya kwanza karibu kila mara analenga vizuri zaidi na ya magazini.

Ila muulize huyo huyo aitoe risasi na anionyeshe kuwa ni tupu. Hapo ndipo ninapokaa karibu. Anavuta slaidi kwanza, risasi ya chemba inaruka, halafu anachomoa magazini na kutabasamu. Slaidi iliporudi imechukua nyingine kutoka kwenye magazini iliyokuwa bado ndani! Mpangilio ni magazini kwanza, kisha slaidi, kisha jicho na kidole ndani ya chemba. Ukigeuza mpangilio, umeshika bastola yenye risasi na moyo unaoamini haina. Kwenye rivolva kosa hilo halina pa kukaa.

Kwa hiyo unachagua ugumu. Rivolva ni nyepesi kusimamia, ngumu kupiga. Ya magazini ni nyepesi kupiga, ngumu kusimamia. Jiulize ugumu upi uko tayari kuufanyia mazoezi.

Kitasa:
Hapo kwenye slaidi kwanza magazini baadaye nimeona watu wazima na heshima zao wakifanya.

Mlenga Mbali:
Bi Shabaha, ubarikiwe. Hiyo ya kuchagua ugumu hakuna aliyewahi kuniambia. Swali: kukoki nyundo kwa gumba kabla ya kupiga si kunalainisha triga ya rivolva? Kwa nini nisikoki kila mara?

Bi Shabaha:
Kunalainisha, tena sana, inashuka hadi kilo 2 au chini yake. Kwa karatasi ya shabaha koki utakavyo, inafurahisha. Kwa kujilinda usijizoeshe. Mkono unatetemeka, triga imekuwa laini kama siagi, na hatari ikipita bila kupiga unatakiwa uishushe nyundo taratibu kwa gumba huku umevuta triga juu ya risasi hai. Sipendi mtu afanye hilo akiwa ametulia, sembuse akiwa anahema.

Fundi Chuma:
Nimekaa kimya nione kama atatokea mtu wa kusema rivolva "haigomi". Amesema mzee wangu, kwa hiyo nitajibu kwa adabu.

Rivolva inagoma mara chache. Ikigoma, mara nyingi huwezi kuiamsha hapo hapo. Tofauti iko hapo.

Ya magazini ina magonjwa mengi, na karibu yote ni mafua. Ganda limesimama mlangoni, risasi haikuingia vizuri, magazini haikukaa sawa: gonga kitako cha magazini, vuta slaidi, endelea. Sekunde mbili kwa aliyezoea. Gumu kidogo ni pale ganda linapobaki ndani na risasi nyingine inalisukuma kwa nyuma. Hapo lazima uchomoe magazini kabisa, uvute slaidi mara kadhaa, uanze upya. Hata hilo linafanyika kwa mkono bila kifaa.

Sasa njoo kwenye silinda. Chini ya ile nyota inayosukuma maganda, chembe za baruti zisizoungua zikijipenyeza, nyota inakaa juu kwa unene wa unywele, na silinda inakuwa nzito au inakataa kufunga. Ule ufito wa kutolea maganda ukilegea nati yake kwenye rivolva za aina hii, unarefuka na silinda haifunguki. Kwenye rivolva nyepesi zenye risasi kali, pigo linakivuta kichwa cha risasi kitoke kwenye ganda kama inavyotoka nyundo kwenye mpini uliolegea, kinachomoza mbele ya silinda, kinagota kwenye fremu, silinda imesimama. Hapo hakuna kugonga wala kuvuta, ni meza na bisibisi.

Na vumbi je? Watu wanaamini rivolva ya kale inavumilia matope. Angalia matundu yaliyo wazi: mbele ya silinda, nyuma ya silinda, njia ya nyundo. Mchanga una milango mitatu. Bastola ya magazini nzuri imefungwa zaidi.

Jambo la springi nalo tuliweke sawa. Springi ya chuma kizuri haichoki kwa kubanwa na kukaa, inachoka kwa kubanwa na kuachiwa mara nyingi. Magazini iliyojazwa ikakaa haifi kwa kukaa. Kinachoua magazini ni kudondoshwa kwenye sakafu midomo yake ikapinda. Magazini ni kitu cha kuisha kama pedi za breki, ukiona moja inakwamisha kila mara itie alama, itupe, nunua nyingine.

Mzee wa Silinda:
Fundi, umenipiga kwa heshima. Lakini hujakanusha kwamba mtu asiyefanya mazoezi ya "gonga, vuta, endelea" hana sekunde mbili hizo. Ana dakika nzima ya kushangaa.

Fundi Chuma:
Hilo nakupa, mzee. Asiyefanya mazoezi, rivolva iliyo nzima inamfaa zaidi. Ila tusimpe moyo wa kutofanya mazoezi.

Nyota ya Jioni:
Samahani natoka kidogo nje ya mstari. Mimi viganja vyangu vina maumivu ya viungo. Duka nililoingia muuzaji alinisukumia rivolva fupi ya alumini moja kwa moja, eti "kwa akina mama hii ndiyo yenyewe, haina kuvuta slaidi". Ni kweli?

Bi Shabaha:
Dada yangu, pole. Huo ushauri unatolewa na watu ambao hawajawahi kuipiga hiyo silaha hadi risasi zikaisha zote.

Ni kweli haina slaidi. Lakini ina triga ya kilo 5 ambayo lazima kidole kimoja kinachouma kiivute kila risasi, tena kwenye bastola ya gramu 400 na kitu. Kwa wepesi huo pigo lote linakuja kwenye kiganja. Zile za risasi tano, zilizotokana na Chiefs Special ya 1950, ni silaha za mtu mzoefu. Zinapendwa kwa sababu zinajificha, tena ikikwama mfukoni au ikigusana na nguo inaendelea kupiga, ambapo slaidi ingekwama. Sio kwa sababu ni rahisi.

Slaidi ina mbinu. Usiifinye kwa ncha za vidole viwili. Ifunike kwa kiganja chote juu, vidole upande mmoja na shina la gumba upande wa pili, iweke karibu na kifua mdomo ukielekea kwenye shabaha, halafu sukuma mpini mbele kwa mkono wa pili badala ya kuvuta slaidi nyuma. Wengi walioniambia hawawezi, waliweza. Na kama bado ni ngumu, zipo zilizotengenezwa makusudi zenye slaidi laini, Smith & Wesson walitoa Shield EZ mwaka 2018 kwa watu wenye hali kama yako. Jaribu hiyo, jaribu na rivolva ya chuma yenye mtutu mrefu kidogo, kidole chako kiamue. Muuzaji asikuamulie.

Nyota ya Jioni:
Asante sana. Nilikuwa nimeanza kujiona mzembe.

Kijana wa Polima:
Turudi kwa Mlenga Mbali. Na nguvu ya risasi je? 9mm inafanya kazi kwa mgandamizo wa karibu mara mbili ya .38 Special. Upana wa kichwa cha risasi ni ule ule tu, tofauti yake jicho haliioni.

Fundi Chuma:
Ni sahihi, psi (kipimo cha mgandamizo) 35,000 kwa 17,000 kwa vipimo vya viwandani. Ndiyo maana ganda la 9mm ni fupi na linafanya kazi kubwa, wakati la .38 ni refu kwa sababu lilizaliwa enzi za baruti nyeusi iliyohitaji nafasi. Kwa hiyo 9mm ina kasi zaidi, .38 ni ya upole kwenye chuma cha kilo karibu moja. Anayelenga nyumbani umbali wa chumba hatapoteza usingizi kwa tofauti hiyo, muhimu ni risasi ya kisasa iliyotengenezwa kutanuka na isiyopitiliza ovyo.

Mlenga Mbali, ukisikia mtu anasema "rivolva inakula .38 na .357", anasema juu ya ile iliyotengenezwa kwa .357 Magnum. Kwa .357 unaweza kutia .38. Kwa .38 huwezi kutia .357, ganda lake ni refu zaidi kwa milimita 3 hivi, na liliongezwa urefu makusudi lilipotoka miaka ya 1930 ili lisiingie. Model 10 yako ni .38. Mtu asikudanganye kwamba inachongwa kidogo tu ikawa sawa.

Mlenga Mbali:
Nimeelewa. Sasa Fundi, mzee kasema ikigoma vuta triga tena. Renji mkufunzi wetu alikataza. Nani yuko sahihi?

Fundi Chuma:
Wote, mahali tofauti.

Risasi inaweza kuchelewa. Pini imeigonga, haikulia, ndani cheche inatambaa. Ukiwa renji, mdomo ubaki kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo ufungue. Kwa rivolva hili ni zito zaidi, kwa sababu ukivuta triga tena ile iliyochelewa inasogea pembeni. Ikilipuka sasa haina mtutu mbele yake, ina fremu. Kwenye maisha na kifo mtu anavuta tena, hana la kungoja. Kwenye karatasi, ngoja.

Na kuna lingine baya kuliko hilo. Ukisikia mlio dhaifu, "puf" badala ya "pah", simama. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu. Bastola ya magazini mara nyingi inakuzuia yenyewe, maana risasi dhaifu haina nguvu ya kurudisha slaidi. Rivolva haikuzuii. Silinda inazunguka kwa kidole chako, ya pili inapigwa nyuma ya ile iliyokwama, na mtutu unavimba au unapasuka. Ile sifa mzee aliyoitaja, ya kutotegemea nguvu ya risasi, hapo ndipo inapogeuka kuwa lawama.

Tena vidole vya mkono wa pili visipite mbele ya silinda. Pale kwenye upenyo kati ya silinda na mtutu inatoka gesi ya moto na chembe za risasi. Wanaotoka kwenye bastola za magazini huweka gumba hapo bila kujua.

Mtazamaji:
Upenyo huo ndio unaofanya kizuia sauti kisiwe na maana kwenye rivolva?

Fundi Chuma:
Ndiyo, sauti inatokea pembeni. Isipokuwa Nagant ya Urusi ya 1895, risasi saba. Ukikoki, silinda yake inasogea mbele na kuziba upenyo. Triga yake ni adhabu, lakini akili iliyotumika mle ndani naivulia kofia. Waingereza nao walikuwa na Webley-Fosbery ya 1901, rivolva inayojikoki yenyewe kwa nguvu ya pigo. Kwa hiyo huu ubishi wa humu kuna watu waliujibu "zote mbili" zamani.

Mlenga Mbali:
Kesho kutwa naenda kuziona tena, na mwenye renji kakubali nizipige zote mbili. Ile rivolva nikaguaje?

Fundi Chuma:
Kwanza hakikisha ni tupu, wewe mwenyewe, hata kama aliyekupa ameshakuonyesha. Silinda ikiwa wazi angalia fremu chini ya mkono wa silinda, utaona imepigwa muhuri wa MOD 10 na labda kistari na tarakimu. Majina ya namba yalianza 1957, kwa hiyo ikiwa na muhuri huo ina kile kibati cha ndani kinachozuia nyundo isiguse risasi ikidondoka. Za kabla ya mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia ni habari nyingine.

Kisha funga. Weka kidole kimoja kiguse silinda kidogo tu, kama breki nyepesi, ukoki nyundo polepole sana kwa gumba. Sikiliza. Kwa kila chumba, silinda ifunge "kch" kabla nyundo haijafika mwisho, au wakati ule ule. Nyundo ikifika mwisho na silinda bado haijafunga, hata kwa chumba kimoja kati ya sita, mpangilio umechoka. Ukipiga hapo risasi inaingia mtutuni ikiwa imekaa upande, inakatwa kingo, vipande vinatoka pembeni. Inatengenezeka, ila ni kazi ya fundi anayejua, sio ya kubahatisha.

Nyundo ikiwa imekokiwa isukume mbele kwa gumba. Isidondoke. Sukuma silinda mbele na nyuma, isicheze. Itazame upenyo dhidi ya mwanga: uwe mwembamba na sawa pande zote, kati ya milimita 0.10 na 0.25 ni nzuri. Fungua, chungulia mtutu kupitia mdomoni ukiweka karatasi nyeupe kwenye dirisha la silinda. Ukiona pete nyeusi inayozunguka ndani, ilishapigwa juu ya risasi iliyokwama. Iache hapo hapo. Kupauka kwa mdomo ni mkoba tu, hakuna neno.

Glock mpya hata sina la kukuambia, ifute mafuta ya kiwandani, utie kidogo mahali kitabu kinaposema, ipige na risasi utakayoitumia uone kama inaila.

Kijana wa Polima:
Ona hapo. Aya tatu za ukaguzi kwa moja, mstari mmoja kwa nyingine. Kesi imeisha.

Mzee wa Silinda:
Mpya na iliyotumika hazikaguliwi sawa, wewe. Mpe Glock iliyotumika na mtu asiyemjua uone kama utamaliza kwa mstari mmoja.

Mlenga Mbali:
Wakuu, nimerudi.

Ukaguzi: vyumba vyote sita vinafunga mapema, nyundo haisukumiki, mtutu ni kioo. Upenyo mwembamba. Aliyekuwa pale kaniuliza nimejifunzia wapi.

Kupiga: Bi Shabaha ulinisoma bila kuniona. Glock, karatasi ilitobolewa katikati, mkusanyiko unafunikika na kiganja. Rivolva kwa kuvuta tu bila kukoki, chini kushoto, zimetawanyika kama mtu aliyemwaga mahindi. Nikikoki, zote zinarudi katikati. Kwa hiyo chuma kiko sawa, ni kidole changu.

Halafu mkufunzi akaniambia niitoe Glock risasi huku akinipigia stori kwa makusudi. Nilifuata mpangilio, lakini nilijikuta nikisimama kufikiria kila hatua. Rivolva sikufikiria chochote.

Nimechukua Model 10.

Kijana wa Polima:
Nini? Umelenga vizuri na Glock halafu umechukua nyingine?

Mlenga Mbali:
Ndiyo. Sitembei nayo, kwa hiyo uzito na umbo havinisumbui. Itakaa imefungwa kwenye kasha muda mwingi na nitaigusa kwa vipindi. Kupiga nitajifunza, nina muda na kidole. Kusahau risasi kwenye chemba siku nimechoka, hilo sitaki kujifunza kwa vitendo. Ningekuwa natembea nayo kila siku na kupiga kila wiki ningechukua Glock.

Bi Shabaha:
Ni sababu nzima hiyo, na ungeniambia kinyume chake kwa sababu nzuri vile vile ningekubali. Sasa kidole. Nunua risasi bandia za mazoezi, hakikisha hakuna risasi hai chumba kizima, lenga ukuta imara, vuta bila kukoki. Weka sarafu juu ya mtutu karibu na jicho la kulengea la mbele. Isidondoke. Vuta kwa mwendo mmoja bila kusita katikati. Wengi wanavuta hadi karibu na mwisho, wanasimama, wanalenga upya, wanamalizia kwa mshtuko. Huo mshtuko ndio unaokupeleka chini kushoto.

Mzee wa Silinda:
Karibu nyumbani mdogo wangu. Vyombo vya kujazia sita kwa mpigo vipo, chukua viwili, ila zoea kwanza kujaza mbili mbili kwa vidole.

Fundi Chuma:
Na ukimaliza kupiga, unapotoa maganda, geuza mdomo juu kabisa na upige ufito kwa kiganja mara moja kwa nguvu, usiusukume taratibu. Ukiusukuma taratibu mtutu ukiwa umelala, ganda moja litateleza chini ya nyota na silinda haitafunga. Ukifika hapo shikilia nyota ikiwa juu, litoe kwa kucha. Mswaki mkavu chini ya nyota kila unaposafisha, na pale usiweke mafuta, yanashika baruti.

Kitasa:
Nang'oa hema. Huu uzi nauhifadhi.